Shajara ya mradi: kufundisha familia kuchomelea nyumbani, Ruai

Jumamosi, 11 Januari 2025: wanafunzi na mahali

Riziki yangu naipata kwa kuchomelea, kwenye banda la Kariobangi Light Industries: mageti, madirisha, vitanda vya dabodeka. Nyumbani ni Ruai. Mwaka huu watu wanne wa nyumba hii wameomba kufundishwa. Mke wangu ana kibanda cha chai na mandazi na amechoka kungoja fundi amtengenezee meko. Binti yetu wa miaka 14 yuko Gredi 9, na somo la ufundi la shuleni limemwonjesha tu. Mdogo wake wa kiume ana miaka 10. Wa nne ni mpwa wangu wa miaka 19, aliyemaliza kidato cha nne na anataka kufanya mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani), kuanzia daraja la tatu.

Nimeamua wafundishiwe nyumbani, si karakanani. Karakanani mwali (moto mkali wa umeme unaoyeyusha chuma) wa fundi wa jirani unakufika machoni kabla hujavaa kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi, diski za grainda zinazunguka kila upande, na mteja amesimama anauliza geti lake. Halafu kuna desturi yetu ya kufundisha: fundi anamwambia shagirdi "angalia ninavyofanya", na shagirdi asiye na kofia anaangalia kweli. Ndiyo maana Nairobi imejaa mafundi hodari wenye macho mekundu, wanaochomelea na miwani ya jua. Miwani ya jua haikutengenezwa kwa mwanga huu. Sitaki mtu wa nyumba yangu aanze hivyo.

Mahali ni banda la mabati nyuma ya nyumba, wazi upande mmoja. Sakafu ni udongo mweusi wa huku kwetu, ule unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Nimeweka paleti mbili za mbao za kusimamia. Mashine ikiwa imewashwa bila mwali, kati ya rodi (kijiti cha chuma kinachoyeyuka kuwa mshono) na chuma kuna volti 60 hadi 80, na mtu mwenye glavu za jasho akisimama kwenye udongo mbichi hizo zinatosha kumdhuru. Mbao kavu chini ya miguu ni kitu cha kwanza mtu anayeiga kazi hii anunue, kabla ya mashine.

Uamuzi mwingine kabla hatujaanza: kijana wa miaka 10 hatashika rodi mwaka huu. Atapima, atachora kwa chaki, atapiga brashi chuma kilichopoa akiwa na miwani, na atakuwa mlinzi wa macho. Kazi hiyo ya mwisho naieleza hapo chini.

Jumamosi, 25 Januari: stima

Nimenunua inveta, mashine ndogo ya kuchomelea, iliyoandikwa ampea 200, kwa shilingi 11,500. Niliichomeka sebuleni kwa waya wa ekstenshoni wa kuviringisha, waya mwembamba wa milimita mraba 1.5, ili nione nyumba itaibebaje. Haikuibeba. Mwali ulikuwa unakatika, taa za jikoni zinafifia kila rodi ikigusa chuma, na baada ya rodi chache ule mzingo wa waya ulikuwa wa moto hata mkono haukai. Waya uliojiviringisha hauna pa kutolea joto. Ukipitisha mzigo mkubwa humo ndani plastiki inalainika na waya zinagusana.

Hesabu yake ni rahisi na kila anayetaka kuiga aifanye kabla ya kununua mashine. Mwali wa ampea 80 unafanya kazi kwenye volti kama 23, yaani wati 1,840 kwenye ncha ya rodi. Ongeza kinachopotea ndani ya mashine, na jinsi inveta za bei nafuu zinavyovuta stima kwa mikupuo: ukutani itavuta ampea 11 hadi 13. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa hiyo kwenye soketi ya kawaida ampea 80 ndiyo mwisho. Hiyo 200 iliyoandikwa ubavuni mwa mashine nyumba nyingi haziwezi kuilisha.

Fundi stima mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati) amevuta laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la stima hadi bandani: waya wa milimita mraba 4, breka yake, soketi ya viwandani, na athi (waya wa ardhini) aliyoipima mbele yangu. Vifaa na kazi yake shilingi 7,800. Sasa taa za jikoni hazitikisiki. Kuna watakaosema ni gharama kubwa kwa mafunzo ya nyumbani. Mimi naona waya ndio usalama wa kwanza wa mtoto, kwa sababu yeye haoni hatari iliyo ukutani.

Jumamosi, 8 Februari: kofia, nguo na neno "Macho!"

Hapa ndipo muda mwingi umeenda, na haukupotea.

Kofia mbili zinazojitia giza zenyewe, shilingi 5,200. Nimeziweka namba 10 ya giza, ambayo inafaa rodi na ampea tutakazotumia. Kwa mke wangu na mpwa wangu zilikaa vizuri. Kwa binti mshipi wa ndani ulibana hadi mwisho na bado kofia ilicheza, akiinama inateleza mbele na kuacha mwanya chini ya kidevu. Jioni baada ya jaribio la kwanza, akiwa amesimama tu akinitazama nikichomelea, shingo yake ilikuwa nyekundu. Miale ya urujuanimno ya mwali huunguza ngozi upesi kuliko jua.

Tulitafuta chanzo na kikawa viwili. Cha kwanza ni ule mwanya. Cha pili ni ukuta wa mabati mapya nyuma yake, uliokuwa unarudisha mwanga na kuuingiza kwenye kofia kwa nyuma. Mwanga huo unagonga kioo kwa ndani na kuingia machoni, na kofia haiwezi kuuzuia kwa sababu haukupita mbele. Dawa: mabati ya ndani ya banda yote yamepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, mshipi wa kofia ya binti umezungushiwa kitambaa cha taulo na kushonwa, na kwenye kidevu nimefungia kipande cha ngozi kinachoshuka hadi kifuani. Shingo haijawa nyekundu tena.

Tatizo lingine la kofia hizi: zina vijicho viwili vidogo mbele vinavyoona mwali ndipo kioo kiwe cheusi. Mpwa wangu aliinama nyuma ya bomba, bomba likaziba vijicho, na kioo kikabaki cheupe huku rodi inawaka. Alifumba macho haraka na hakupata madhara. Sasa kila mmoja kabla ya kuwasha anauliza, kwa sauti, kama kofia yake inaiona ncha ya rodi. Kwa mtoto mdogo na kwa mtu mwingine anayetaka kutazama nimenunua kofia ya mkono ya kioo cheusi cha kudumu, namba 11, shilingi 450. Haina betri wala kijicho cha kuzibwa.

Nguo: pamba na ngozi tu. Nailoni na poliesta zikipata cheche huyeyuka na kugandia kwenye ngozi ya mtu. Gikomba tumepata mashati ya jinzi ya mikono mirefu, na fundi cherehani akatushonea aproni za ngozi, jumla 2,600. Glavu ndogo ndizo zilizosumbua. Glavu za kuchomelea za madukani ni kubwa, na mkono wa mtoto ukiogelea ndani ya glavu hauwezi kutuliza rodi. Kwenye duka la vifaa vya usalama, Industrial Area, tulipata za ngozi laini ya mbuzi, zile za wachomeleaji wa gesi ya agoni, saizi ndogo. Kwa ampea zetu zinatosha. Jozi tatu shilingi 2,100.

Neno "Macho!" ni sheria ya banda. Anayetaka kuwasha analitamka. Mlinzi wa macho, yaani kijana wetu, anatazama nani yuko karibu, anahakikisha geti limefungwa na watoto wa jirani hawachungulii, kisha anajibu "Sawa!". Bila jibu hakuna moto. Analifanya kwa uzito ambao sikuutarajia kwa umri wake, na hata mama yangu alipotutembelea alirudishwa nyuma kwa heshima: "Shosho, subiri kidogo hapo, macho yako."

Macho yaliyopigwa na mwali hayaumi papo hapo. Saa kadhaa hupita, mara nyingi ni usiku, ndipo mtu anahisi mchanga machoni na hawezi kuvumilia taa. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini akiumia hivyo aende kwa daktari wa macho. Maziwa na maji ya viazi ambayo mafundi wengi hujidondoshea machoni yanaweza kuongeza uambukizi. Kwetu ni marufuku.

Jumamosi, 22 Februari: rodi bila stima, kisha moto

Mashine imezimwa. Holda, yaani kishikio cha rodi, mkononi, rodi ndani yake, mstari wa chaki juu ya chuma. Mwanafunzi anasogeza ncha juu ya mstari akiacha nafasi ya milimita 2 au 3, rodi imelala kidogo kuelekea anakokwenda mkono, nyuzi 10 hadi 15, huku akiushusha mkono polepole kwa sababu rodi ya kweli inafupika inapowaka. Rodi ya milimita 2.5 huisha kwa muda wa dakika moja hivi, kwa hiyo mwendo ni wa polepole kuliko wanavyodhani. Mpwa wangu aliliona zoezi hili la watoto, akataka kuruka. Binti alilifanya hadi mkono ukatulia. Tofauti yao ilionekana mara tu moto ulipowaka.

Kuwasha: kukwaruza ncha kidogo na kuinua. Rodi ikinata, na itanata, mtu mgeni hufanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: anavuta kwa nguvu na anainua kofia. Rodi ikibanduka wakati huo, mwali unamwakia usoni wazi. Tulichofanya ni kufundisha kunata kwenyewe. Mashine imezimwa, nimegandisha rodi kwenye chuma, na kila mmoja anarudia: kofia chini, bana mkono wa holda, achia rodi, ondoa holda, ndipo inua kofia. Mke wangu alilishika hili kwanza.

Siku ya moto tulitumia E6013 ya milimita 2.5, ampea 75, juu ya chuma bapa cha milimita 4. Rodi hii inasamehe na inawaka kwa urahisi, na ndiyo iliyojaa kwenye maduka yetu. Tarakimu 60 mwanzoni ni nguvu ya mshono, pauni 60,000 kwa inchi mraba. 1 inamaanisha inachomelea kila mkao. 3 ni aina ya unga uliopakwa juu yake. Binti alitaka kujua yote haya kabla ya kuigusa, nami nilifurahi aliyauliza.

Jumamosi, 15 Machi: kukiona kidimbwi

Wote walikuwa wanatazama mwali, kwa sababu ndio unaong'aa. Mwali hauna cha kukueleza. Cha kutazama ni kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma yake: upana wake, ukingo wake unavyoingia kwenye chuma cha chini, na ganda la rodi (unga wake ulioyeyuka) linavyofuata kwa nyuma likiwa jeusi kidogo. Kulitofautisha ganda na chuma ndiyo hatua ngumu ya mwezi huu. Mpwa wangu alikuwa anaona ganda akidhani ni chuma, anapunguza mwendo, ganda linakimbilia mbele ya mwali na kufukiwa ndani ya mshono. Tuligonga ganda kwa nyundo ya ncha, tukakuta mashimo meusi.

Kilichosaidia: nilichomelea mimi, wao wakiwa wamevaa kofia pembeni, nami nikieleza ninachokiona wakati ninakiona. "Ukingo umeshika. Sasa ganda limekaribia. Nalaza rodi kidogo, limerudi." Kisha tukabadilishana: wao wanachomelea na kunieleza wanachokiona. Asiyeweza kusema anaona nini hajaona.

Mke wangu alifika kwa njia nyingine. Alisema mwali ukiwa mfupi unatoa sauti ya mandazi kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, na ukirefuka sauti inakuwa ya kupuliza. Ni kweli. Amekuwa anachomelea kwa sikio, na mistari yake, ingawa haijanyooka, ina upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi, 5 Aprili: mvua na rodi

Shule zimefungwa, masika yamefika, na mishono yote imejaa vitundu. Rodi zilikuwa zinapasuka na kurusha, unga wake unabanduka vipande. Pakiti ilikuwa imefunguliwa Februari na kukaa wazi bandani.

Nilijaribu kuzianika juu ya mabati jua lilipotoka. Zilipata nafuu kidogo tu. Kilichofaulu ni kuziweka kwenye sufuria kavu yenye mfuniko juu ya jiko la makaa lililopungua moto, joto la nyuzi 100 hivi, kwa saa moja. Zilizobanduka unga tulizitupa. Pakiti mpya sasa inahamishiwa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana, na kopo linakaa ndani ya nyumba. Ukifanya hivi, kumbuka ni kwa E6013. E7018, rodi ya aina nyingine, inataka joto la nyuzi 300 na zaidi kwenye tanuri lake, na jiko halifai.

Siku udongo umelowa hadi kwenye paleti hatuwashi kabisa. Tunakata, tunapiga tupa, tunapima.

Jumamosi, 19 Aprili: kuvunja

Hii ndiyo siku niliyoanzishia mradi wote. Kwangu mtu hajui kuchomelea hadi avunje mshono wake mwenyewe na kuusoma.

Vipande viwili vya chuma bapa cha milimita 4: kimoja kimelala, kingine kimesimama katikati yake. Mshono upande mmoja tu. Kikipoa kinafungwa kwenye vaisi (kibanio cha mezani), na kile kilichosimama kinapigwa nyundo kuelekea upande wenye mshono, ili mzizi wa mshono, yaani sehemu yake ya ndani kabisa, ufunguke. Wote wana miwani, na anayepiga ni yule yule aliyechomelea.

Mshono wa binti ulikuwa mzuri kuliko yote: mawimbi sawasawa, hakuna cheche zilizogandia, hata mimi ningeupitisha kwa macho. Kwa mapigo machache kipande kilichosimama kiling'oka kizima. Ukingo wake ulikuwa bado na pembe kali, na alama za msumeno zilionekana pale pale tulipozikata. Chuma cha rodi kilikuwa kimelala juu ya viungo bila kuviyeyusha.

"Baba, mbona ulipendeza hivyo?"

"Ulipendeza juu, mwanangu. Angalia ukingo huu. Moto haukufika hapa."

Mshono wa mke wangu ulikuwa na manundu. Chuma kilipinda hadi kikalala chini na mshono haukuachia. Ilibidi tuukate nusu kwa msumeno ndipo uvunjike, na ndani ulikuwa wa kijivu, chembe ndogo ndogo, kingo zote mbili zimemezwa. Wa mpwa wangu ulivunjika nusu: mwanzo safi, mwisho una mstari mweusi wa ganda kwenye mzizi.

Tuliviweka vipande vyote mezani na kila mmoja akaeleza chake. Binti alikuwa ameshusha ampea hadi 70 na kurefusha mwali ili mawimbi yatoke mazuri, na alikwenda haraka. Tulirudi: ampea 90, ambazo laini mpya inazibeba, rodi nyuzi 45 katikati ya vipande viwili, mwali mfupi, ncha karibu iguse kona, na kutu na lile ganda la bluu la kiwandani vimesuguliwa hadi chuma king'ae. Vipande vya raundi iliyofuata vilipinda bila kuachia. Ule mshono wa kwanza ulioachia binti ameupigilia ukutani bandani, na tarehe ameandika kwa chaki.

Jumamosi, 17 Mei: stuli

Stuli ya kukalia, kimo milimita 450, fremu ya juu 300 kwa 300, bomba la mraba la inchi moja, geji 16. Tulidhani ni kazi nyepesi baada ya chuma bapa. Kumbe bomba jembamba lina ukali wake.

Rodi ya 2.5 kwa ampea 80 ilitoboa kona ya kwanza, na kila jaribio la kuziba lilipanua tundu. Tulibadili kwenda rodi ya milimita 2.0, ampea 50, na kuchomelea kutoka juu kushuka chini kwa mkono unaokwenda upesi. Lakini rodi haikuwa shida yote. Vipande vilikatwa vibaya, vikaacha mianya ya milimita 3, na mwali ukikuta mwanya unakula kingo. Mpwa wangu alirudi kwenye tupa hadi vipande vikakaa bila mwanga kupita katikati. Kutoka hapo hakuna kona iliyotoboka.

Kisha fremu ikapinda. Walikuwa wameshikiza kona moja kwa mishono midogo na kuimalizia kabisa kabla ya kwenda nyingine. Mshono ukipoa hunywea na kuvuta chuma upande wake. Ulalo mmoja, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala, ulikuwa milimita 428, mwingine 420, ilhali zote zilipaswa kuwa 424. Tulikata vishikizo viwili kwa grainda, tukavuta ulalo mrefu kwa klampu hadi vipimo vikalingana, tukashikiza kona zote nne, tukapima tena, kisha tukamalizia kwa kuruka: kona hii, halafu ya mkabala wake. Kijana wa miaka 10 ndiye anayeshika tepu ya kupimia ulalo, na hakuna anayeruhusiwa kumalizia kabla hajasema namba mbili zinazofanana.

Jambo moja zaidi kwa anayeiga: ukiziba bomba pande zote mbili, hewa ya ndani inapanuka na kuutoboa mshono wa mwisho unapofunga. Toboa kitundu kidogo mahali pasipoonekana.

Stuli ilikaliwa baada ya mpwa wangu kuirukia mara kadhaa. Vyuma, rodi na rangi yake karibu shilingi 1,150. Sokoni ningeipata kwa pungufu, lakini hatukuwa tunanunua stuli.

Jumamosi, 14 Juni: moshi mweupe

Mpwa wangu alikwenda kumsaidia rafiki kuunganisha mabomba ya zamani ya maji, yale yaliyopakwa zinki, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Usiku akatetemeka, homa, viungo vinauma, kinywa kina ladha ya chuma. Kila mtu alisema ni malaria. Zahanati walimpima, hakukuwa na malaria. Kesho yake jioni alikuwa mzima.

Homa ya moshi wa zinki huja hivyo: saa chache baada ya kazi, inafanana na malaria au mafua makali, na huisha ndani ya siku moja au mbili. Mafundi wengi wanaimeza kwa maziwa na kurudi kazini kesho. Mimi naichukua kama onyo. Moshi wa kuchomelea kwa jumla, hata usio na zinki, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka mwaka 2017 katika kundi la 1, la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Sasa kwetu: chuma chenye zinki kinasagwa hadi rangi ya fedha iishe, inchi mbili kila upande wa kiungo, upande wazi wa banda uwe ubavuni ili upepo upitishe moshi mbali na uso, na barakoa za kuzuia chembe ndani ya kofia, shilingi 1,800 kwa boksi. Kwa watoto chuma chenye zinki hakiingii bandani, kiwe kimesagwa au la.

Wiki hiyo jirani alileta tangi la pikipiki linalovuja. Halikuingia getini. Mvuke wa petroli unabaki ndani hata tangi likionekana kavu, na mapipa na matangi ya namna hiyo yameua mafundi waliozoea kazi. Niliwaita wote wanne waje wasikie nikimweleza.

Mteja mwingine aliyeiona stuli alitaka binti amtengenezee vyuma vya madirisha "kwa bei ya mtoto". Nilikataa mbele yake. Haya ni masomo. Kazi ya biashara yenye moto si ya mtoto wa miaka 14, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtoto wa umri wake apewe kazi nyepesi tu.

Jumamosi, 12 Julai: meko ya mandazi

Mke wangu amejitengenezea mwenyewe. Chuma cha pembe cha inchi moja, unene milimita 3, miguu minne iliyotanuka chini ili karai la mafuta lisiyumbe, na ukingo unaolishika karai kwa pande zote. Kimo amekipima kwa kiwiko chake, si kwa meko za sokoni zilizomfanya ainame miaka yote hiyo. Kabla hajaunganisha mguu wa kwanza alichomelea kipande cha majaribio cha chuma hicho hicho na kukivunja, bila mimi kumwambia.

Mishono ya wima ilimsumbua: kwenda juu, kidimbwi kilikuwa kinaning'inia na kudondoka. Alishusha ampea hadi 75 na kuufanya mkono uende kwa vituo vifupi, pembeni, katikati, pembeni. Mishono miwili aliisaga yote na kuirudia. Karai liliwekwa maji ya moto kwanza, kisha likasukumwa kwa ubavu kwa nguvu, ndipo likapewa mafuta.

Jumamosi, 16 Agosti: hesabu na kinachofuata

Mashine 11,500. Laini ya stima 7,800. Kofia mbili 5,200 na ile ya mkono 450. Glavu 2,100, mashati na aproni 2,600, miwani 600, barakoa 1,800. Rodi pakiti nne 3,300. Vyuma 6,400. Diski, brashi na rangi 2,900. Jumla shilingi 44,650. Grainda, vaisi na klampu nilikuwa nazo tayari. Anayeanza bila kitu aongeze hizo. Kama fedha ni kidogo, punguza ukubwa wa mashine, kwa sababu ya ampea 120 ingetosha kila kitu kilichoandikwa hapa. Usipunguze kwenye kofia wala kwenye waya.

Mpwa wangu anajiandaa kwa mtihani wa NITA, na mishono yake ya wima bado inavunjika upande wa juu, pale anapobadilisha rodi. Anatakiwa agonge ganda la mwisho wa rodi iliyokwisha, awashe mpya kidogo mbele, arudi kwenye kishimo kilichobaki, kisha aendelee. Tutalifanya hilo peke yake hadi lishike. Binti amechora mlango wa banda la kuku, mita 1.5 kwa 0.7, wa bomba la mraba, na amesharatibu mpangilio wa kona atakavyozichomelea. Vyuma vyake vinakatwa Jumamosi ijayo, kijana akiwa na tepu.